Pua iliyovunjika na kona ya jicho iliyohama: uchambuzi wa kisa kimoja

Mwenye kisa hiki ameridhia kisimuliwe. Umri wake, mji, vituo alivyopitia na tarehe nimevificha au nimevibadilisha. Vipimo vya uso wake na mpangilio wa matukio nimeviacha vilivyo. Ninawaandikia maafisa tabibu, madaktari wa zamu na wauguzi wa mapokezi, maana hao ndio wanaokutana na pua zilizovunjika kabla ya bingwa yeyote kuziona. Mimi mwenyewe nimo ndani ya kisa, na kosa mojawapo ni langu.

Usuli

Ni kijana wa miaka 20 na kitu, dereva wa bodaboda katika mji wa pwani ya Tanzania, mzima wa afya, hana ugonjwa wa kudumu. Jumamosi usiku, kama saa mbili, alilivaa kwa nyuma lori bovu lililoegeshwa kando ya barabara bila taa wala pembetatu. Lori lilikuwa na shehena ya mbao, na ubao mmoja ulikuwa umechomoza. Kofia ngumu alikuwa ameivaa na kuifunga vizuri, ila haikuwa na kioo cha mbele. Ncha ya ubao ikampata katikati ya macho, pale mzizi wa pua unapokutana na paji la uso.

Hilo la ubao lishikwe tangu sasa. Ngumi ya ugomvini mara nyingi huja kwa ubavu na kuisukuma pua upande mmoja. Kitu chembamba, kigumu, kinachokuja kwa mbele na kutua kwenye mzizi wa pua kina kazi nyingine kabisa: kinasukuma kila kilichopo pale kuelekea nyuma. Maelezo ya namna alivyoumia yalitosha peke yake kututia shaka, na yalikuwa yameandikwa kwenye PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, tangu usiku ule.

Usiku wa kwanza

Wenzake walimpakia kwenye bajaji hadi kituo cha afya. Afisa tabibu wa zamu alimkuta anaongea, anajua jina lake na mahali alipo, ila dakika chache baada ya kugongwa hazikumbuki. Damu ilikuwa ikitoka matundu yote mawili ya pua. Mgongo wa pua ulikuwa umebonyea, juu yake pana jeraha la sentimita 3 lililokatika kwa upana. Macho yote mawili yalikuwa yamevimba hadi kope hazifunguki.

Afisa tabibu alifanya mambo manne. Alibana pua hadi damu ikapungua, akashona jeraha. Kisha akamulika ndani ya pua kwa tochi, akaona ukuta wa kati umetuna upande wa kushoto, mwekundu uliokolea. Alipougusa kwa kijiti cha pamba ulibonyea kama puto. Akautambua kuwa ni damu iliyokusanyika chini ya utando, akaupasua, akaitoa, akajaza gozi yenye mafuta matundu yote mawili ili utando urudi kushikamana na gegedu. Tatu, akaagiza eksirei ya pua kwa ubavu, ikaonyesha mifupa ya pua imevunjika. Nne, akamlaza usiku ule kumwangalia kwa sababu ya zile dakika asizozikumbuka.

Asubuhi hali ilikuwa shwari. Gozi zilitolewa baada ya saa 48, akapewa antibaiotiki na dawa ya maumivu, akaandikiwa barua kuja kwetu, hospitali ya mkoa, siku ya 6. Barua ilisema: mifupa ya pua imevunjika, aletwe inyanyuliwe uvimbe ukishuka.

Kwa pua iliyovunjika ya kawaida, mpango huo hauna dosari. Mtu mzima husubiriwa siku chache uvimbe ushuke, kisha mifupa hunyanyuliwa kabla haijaanza kuunga.

Siku ya 6

Alikuja na dada yake mkubwa. Niliisoma barua kabla sijamtazama mgonjwa usoni, na nikamtazama kama mtu ambaye ameshaambiwa atakachokiona. Uvimbe ulikuwa umeshuka, michubuko imegeuka rangi ya manjano. Mzizi wa pua ulikuwa bapa, ncha imeinuka, matundu yanaangalia mbele. Nilimpulizia dawa ya ganzi, nikachukua kifaa cha kunyanyulia. Kilikuwa mkononi mwangu dada mtu aliposema:

“Samahani, daktari. Huyu nimemlea mimi, mama yetu alifariki akiwa mdogo. Macho yake hayakuwa mbali hivi.”

Akafungua mkoba, akatoa kitambulisho cha taifa cha mdogo wake.

Nilikiweka kifaa chini. Kwenye picha, nafasi kati ya kona za ndani za macho ilikuwa sawa na upana wa jicho moja, kama ilivyo kwa watu wengi. Kwa kijana aliyekaa mbele yangu nafasi hiyo ilizidi upana wa jicho kwa kama theluthi moja. Kona ya ndani ya jicho la kushoto ilikuwa imeviringika, haina tena ile ncha kali, na jicho lenyewe lilionekana fupi.

Ndipo nikauliza yaliyopaswa kuulizwa tangu Jumamosi. Jicho linatoa machozi? “La kushoto linalia lenyewe, daktari, hata nikicheka.” Unaona vitu viwili? Hapana. Kuna maji yanayotoka puani? Akasita, akamwangalia dada yake. “Nikisujudu yanadondoka kwenye mswala. Meupe kama maji ya bomba. Yakirudi kooni yana chumvi.” Alidhani ni mafua.

Nilichukua rula ya plastiki kutoka mezani kwa karani. Kati ya kona mbili za ndani: milimita 43. Kutoka mstari wa katikati ya uso hadi kona ya kulia: 18. Hadi kona ya kushoto: 25. Watu wazima wengi huwa kati ya milimita 30 na 35, wengine hupita hapo kidogo nao ni wazima, ila 40 na zaidi baada ya kipigo ni dalili mbaya. Hata hivyo kilichonishtua zaidi ni ile tofauti ya 18 na 25. Maumbile hayamtengi mtu jicho moja.

Kisha nikajaribu uimara wa kano inayoifunga kope kwenye mfupa. Unavuta kope kuelekea sikioni kwa kidole kimoja, huku kidole cha mkono mwingine kimeegemea mfupa wa kona ya ndani. Upande wa kulia kope ilikaza kama kamba ya nguo. Upande wa kushoto ilikuja nayo, na chini ya kidole nikasikia kipande cha mfupa kikicheza.

Kilichopo nyuma ya pua

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa kisa chote kimo humu.

Tukisema “mfupa wa pua” tunazungumza kama upo mmoja. Mifupa inayoitwa hivyo ni miwili, midogo, imekutana katikati kama paa la mgongo. Juu, inapopokea paji la uso, ni minene. Ikishuka inazidi kuwa myembamba, ndiyo maana kuvunjika kwingi hutokea chini. Inashika sehemu ya juu tu ya pua, kama theluthi moja. Iliyobaki, ile unayoweza kuikunja kwa vidole, ni gegedu. Katika mifupa yote ya uso, hii ndiyo inayovunjika kwa nguvu ndogo kuliko mingine. Eksirei inaionyesha vizuri, nayo inaishia hapo.

Mifupa hiyo miwili imeegemea kila upande juu ya tawi la taya la juu linalopanda kutoka juu ya chonge hadi kwenye paji. Tawi hili ni nguzo. Weka kidole kwenye kona ya ndani ya jicho lako, kisishuke kwenye pua wala kisiingie jichoni: unagusa ukingo wake. Nyuma ya ukingo huo kuna bonde dogo, na ndani ya bonde kuna mfuko wa machozi. Ukuta wa mbele wa bonde ni taya. Wa nyuma ni mfupa wa machozi, mfupa mdogo kama ukucha wa kidole cha mwisho na mwembamba sana. Chini ya bonde unaanza mfereji unaoyashusha machozi hadi puani, ambao ndio sababu mtu akilia pua nayo hutiririka.

Sasa kano. Kope zote mbili zimefungwa kwenye kona ya ndani kwa kano yenye matawi mawili makuu. Moja hupita mbele ya mfuko wa machozi na kushika taya. La pili hupita nyuma ya mfuko na kushika mfupa wa machozi. Mfuko umekaa katikati yao, na kila tunapopepesa jicho hukamuliwa na kupanuka kama pampu. Tawi la nyuma ndilo linaloivuta kope ililalie jicho. Kwa hiyo jicho limefungwa kwenye mfupa ambao mwananchi yeyote, na waganga wengi wakiwa na haraka, watauita mfupa wa pua. Nguzo ikivunjika na kipande kilichoshika kano kikasukumwa pembeni, kona ya jicho huhama nacho.

Nyuma zaidi kuna mfupa uitwao ethmoidi. Jina hilo asili yake ni Kigiriki na maana yake inakaribia chekecheke, kwa sababu ya bamba lake la juu lenye vitundu vingi ambamo neva za kunusa hushuka kutoka kwenye ubongo. Bamba la katikati linashuka kuungana na mfupa uitwao voma na gegedu kuunda ukuta wa kati wa pua. Mabamba ya pembeni ndiyo kuta za ndani za matundu ya macho, membamba hivi kwamba tangu zamani yamelinganishwa na karatasi. Kati ya mabamba hayo kuna vyumba vidogo vya hewa. Ukiupiga mzizi wa pua kwa mbele, vyumba hivyo vinabonyea kama rundo la makasha matupu, na wataalamu wengi wanaona kubonyea huko ndiko kunakopunguza nguvu isifike kwenye macho na ubongo. Ila nguvu ikizidi, bamba la chekecheke linapata ufa. Utando wa ubongo umeshikamana nalo sana, hivyo bamba likipasuka utando unachanika nalo, na maji ya ubongo yanapata njia ya kushukia puani.

Tulipokuwa wanafunzi tulikariri kwamba mifupa ya uso ni 14 na ya fuvu linalobeba ubongo ni 8. Tulikariri tukasahau, lakini orodha ile inasema jambo kubwa. Mifupa ya pua, ya machozi, mataya na voma imo katika zile 14. Ethmoidi na paji la uso zimo katika zile 8. Kipigo kinachopita mifupa ya pua na kufika ethmoidi kimevuka mpaka: mgonjwa ana jeraha la kichwa, hata kama anatembea, anaongea na kuuliza ataanza lini kazi.

Uamuzi wa siku ile

Jambo la kwanza lilikuwa kutofanya kitu. Kifaa cha kunyanyulia pua huingizwa juu kabisa, chini ya mifupa, ukielekeza nguvu juu na mbele. Kwa mtu mwenye ufa kwenye bamba la chekecheke, ncha ya kifaa ipo jirani sana na ubongo. Ningeweza kuupanua ufa kwa mkono wangu.

Tulimlaza, kichwa kimeinuliwa kama nyuzi 30. Asipenge kamasi. Akipiga chafya afungue mdomo. Alipewa dawa ya kulainisha choo asijikaze. Sala aliendelea nazo akiwa amekaa, kwa ishara. Yeye mwenyewe alimuuliza imamu wa mtaani kwao kwa simu, akaridhika. Juu ya kitanda tulibandika karatasi kwa herufi kubwa: USIPITISHE MPIRA WOWOTE PUANI. Mpira wa tumboni ukipitishwa puani kwa mtu wa namna hii unaweza kupotea njia na kuingia kwenye fuvu. Imeshawahi kutokea duniani na kuandikwa. Hakuwekewa gozi puani tena, kwa sababu kuziba mlango wa chini hakuzibi ufa wa juu, ila kunafuga vijidudu jirani na utando wa ubongo.

Kuhusu antibaiotiki tulibishana. Ushahidi kwamba zinazuia homa ya uti wa mgongo kwa mgonjwa anayevuja hivi si imara, na zina hasara ya kubakiza vijidudu sugu. Daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo, tuliyempigia simu, alisema tusitoe, tuangalie homa, shingo kukakamaa na kuumwa kichwa kila saa 4. Tulifuata ushauri wake.

Je, yale maji kweli yalikuwa ya ubongo? Kipimo cha uhakika, cha protini iitwayo beta-2 transferini, hatuna. Kipimo cha sukari kwa kijiti hatukukitumia, kwa kuwa machozi na kamasi navyo huwa na sukari. Tulimwinamisha dakika chache, maji meupe yakadondoka tundu la kushoto, tukayakinga na kuandika muda na kiasi. Mengine tuliyaachia skani.

Skani ya CT haipo hospitalini kwetu. Fedha ya kwenda kupigwa ilichangwa na wenzake wa kijiweni kwa siku mbili. Siku ya 8 akapigwa, vipande vyembamba vya milimita 1, vikapangwa upya kwa pande zote tatu. Ilionyesha mifupa yote miwili ya pua imevunjika na kurudi nyuma. Nguzo ya taya ya kushoto ilikuwa vipande vitatu, kimoja kikubwa cha kutosha bado kimeshika kano. Mfupa wa machozi wa kushoto ulikuwa umesagika. Bamba la karatasi lilikuwa limeingia ndani, vyumba vya ethmoidi vimejaa damu, kuna ufa mwembamba kwenye bamba la chekecheke upande wa kushoto, na juu yake kiputo kimoja cha hewa ndani ya fuvu. Ukuta wa nyuma wa sainasi ya paji, yaani chumba cha hewa ndani ya mfupa wa paji la uso, ulikuwa mzima. Kwa mgawanyo uliochapishwa na Markowitz na Manson na wenzao mwaka 1991, ambao unaangalia hali ya kipande kinachobeba kano, hii ni aina ya pili: mfupa umevunjika vipande vingi lakini kano haijang’oka.

Tulimpa rufaa kwa mabingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso katika hospitali ya kanda. Maji yalikoma siku ya 10, kwa mapumziko peke yake. Sehemu kubwa ya mivujo inayotokana na ajali hukoma hivyo katika wiki moja au mbili.

Upasuaji

Alifanyiwa siku ya 13. Haifai kuchelewa zaidi ya wiki mbili hivi, kwani vipande vinaanza kuunga vilipo na ngozi ya kona ya jicho inanywea na kuganda katika umbo baya. Mpira wa kupumulia ulipitishwa mdomoni, na mtoa usingizi alijitahidi asisukume hewa nyingi kwa barakoa, maana hewa ya kusukumwa hupanda kwenye ufa.

Sikuwa mpasuaji, nilisimama pembeni kujifunza. Waliingia kwa chale ya kichwani, ndani ya nywele, kutoka sikio hadi sikio, na nyingine ndogo chini ya kope. Vipande viliungwa kwa vibamba vyembamba vya titani. Kipande kilichoshika kano kilivutwa kwa waya uliopita ndani ya pua hadi upande wa pili na kufungwa kule.

Mahali pa kupitisha waya ndipo anatomia inapolipa. Waya unapaswa kupita nyuma ya bonde la mfuko wa machozi, na juu yake kidogo. Ukipitishwa mbele, kwa sababu mbele ndiko kunakofikika kwa urahisi, mkazo unavuta ukingo wa mbele wa kipande na ule wa nyuma unafunguka nje kama ubawa wa mlango. Mgonjwa anatoka chumba cha upasuaji na waya ndani ya uso wake, na macho bado yako mbali. Walikaza hadi kona ikawa karibu kuliko ilivyotakiwa, kwa kuwa huwa inalegea baadaye.

Kisha bingwa akabonyeza mgongo wa pua kwa kidole. Kama ungezama, angechukua kipande cha mfupa wa fuvu kuutegemeza. Haukuzama. Ukuta wa kati ulikuwa mzima, gegedu lake liko hai, na hilo lilitokana na tochi na kisu cha afisa tabibu wa usiku wa kwanza. Mwisho walishona vipande viwili laini juu ya ngozi, kimoja kila upande wa mzizi wa pua, kuibana ngozi ilale juu ya mfupa; bila hivyo damu hukusanyika, ngozi hunenepa, na kona inaonekana pana hata mifupa ikikaa sawa.

Matokeo

Wiki ya 6: milimita 37, kulia 18, kushoto 19. Mwaka mmoja baadaye: 38. Dada yake anasema ni yeye yule, ila upande mmoja amechoka. Homa ya uti wa mgongo haikumpata.

Machozi hayakukoma. Tuliyasubiri, kwa sababu baadhi ya njia za machozi hufunguka zenyewe uvimbe ukiisha, na kuchokoa mapema kunaweza kuharibu kilichobaki. Mwezi wa 7 alifunguliwa njia mpya kutoka kwenye mfuko kwenda puani. Sasa jicho ni kavu ndani ya nyumba, na upepo wa barabarani bado unaliliza. Amerudi kwenye bodaboda, akiwa na kofia yenye kioo.

Harufu haikurudi. Hatukumwambia kwamba huenda isirudi, wala hatukuipima kabla ya upasuaji. Aligundua mwenyewe, nyumbani, wali ulipoungua jikoni naye amekaa mlangoni.

Uchambuzi

Nianze na afisa tabibu. Kwenye vikao wepesi wetu ni kumnyooshea kidole wa kituo cha chini, na hapa alifanya jambo ambalo sijaliona likifanywa mara nyingi hata mjini: aliangalia ndani ya pua. Gegedu la ukuta wa kati halina mishipa yake ya damu, linalishwa na utando uliolifunika. Damu ikiingia kati yao, gegedu linakosa chakula, na siku chache zinatosha life, au usaha uingie, na mgongo wa pua udidimie kama tandiko la punda. Afisa tabibu yule, mama mmoja, aliokoa gegedu na pengine akamwepusha mgonjwa na upandikizaji wa mfupa.

Lakini gozi alizoweka zilificha maji. Damu na maji ya ubongo vinapotoka pamoja usiku wa kwanza, huwezi kuvitenganisha kwa macho. Mara nyingine tone likiwekwa kwenye kitambaa cheupe hufanya doa jekundu katikati na duara jeupe pembeni, ishara isiyo ya uhakika, ila inatosha kumfanya mtu asite. Saa 48 za gozi zilipita, mgonjwa akaenda nyumbani, na maji yakaanza kuonekana mbele ya mtu mmoja tu, yeye mwenyewe, kwenye mswala. Sidhani alikosea kuweka gozi, kwa sababu alikuwa anatibu alichokiona, na kilihitaji gozi. Kilichokosekana ni sentensi moja kwenye karatasi ya kuondokea: ukiona maji meupe puani, au kooni ukisikia chumvi, rudi siku hiyohiyo.

Eksirei ilitudhuru. Haikuonyesha uongo, ilionyesha ukweli mdogo. Pua iliyobonyea tayari inaonekana kwa macho na kusikika kwa vidole, hivyo picha haikuongeza habari yoyote isipokuwa kumpa kila aliyefuata sababu ya kuacha kutafuta. Imeonekana imevunjika, basi, ndiyo hiyo. Ethmoidi na bonde la machozi havionekani kwenye picha ile, na kutoonekana tukakuchukulia kuwa ni uzima.

Kisha mimi. Afisa tabibu alimkuta mgonjwa macho yamevimba hadi kope hazifunguki. Kona za ndani hazikuonekana. Siku ya 6 uvimbe ulikuwa umeshuka, kila kitu kilikuwa wazi mbele yangu, na sikukiona. Niliiangalia pua kwa kuwa barua ilisema pua. Ningeanza na hatua tatu zisizohitaji hata shilingi, yaani kupima kati ya macho, kuvuta kope na kumwinamisha mgonjwa, nisingeshika kifaa kile. Nimejiuliza mara nyingi ingekuwaje kama dada yake angebaki nje kwenye benchi, kama tunavyowaambia ndugu wabaki. Siku hizi namruhusu ndugu mmoja aingie, na swali langu la kwanza kwake ni kama uso huu ndio anaoujua. Namwomba na picha ya zamani, na simu zimelirahisisha hilo sana.

Yaliyokwenda vizuri baada ya hapo yalitokana na kulibadilisha jina la tatizo. Tulipoacha kuandika “pua” na kuandika “jeraha la kichwa lenye mvujo”, wauguzi walijua la kufanya bila kuelekezwa: kichwa juu, mpira usipite, joto lipimwe. Neno la kwenye faili ndilo lililokuwa linaongoza mikono ya watu wote, pamoja na yangu.

Kuchelewa kwa skani hakukugharimu sana, kwa bahati. Siku mbili za kuchangisha zilitubakizia muda ndani ya wiki mbili. Mtu asiye na kijiwe angezivuka.

Suala la harufu ndilo linaloniuma kuliko mengine, kwa kuwa lilikuwa la maneno tu. Neva za kunusa zinapita katika vitundu vya bamba lilelile lililopasuka. Tuliuona ufa kwenye skani, tukaujadili kwa ajili ya maji, na hakuna aliyesema kwamba hapo ndipo mlango wa harufu. Mtu asiyenusa hajui gesi inapovuja wala maziwa yanapochacha, na hajui moshi hadi aone. Sasa kila anayekuja na kipigo cha mzizi wa pua hufumbishwa macho, tunamnusisha buni ya kahawa na ganda la chungwa, kila tundu peke yake, na jibu lake linaandikwa kwenye faili chini ya milimita za macho, kabla mtu hajagusa pua.